Sayansi ya Ubongo na Wodi ya Magonjwa ya Akili: Tulipofika

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi wa udaktari na uuguzi, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunikaribisha.

Nimeombwa nieleze jinsi maendeleo ya sayansi ya ubongo yanavyobadili utambuzi na tiba ya magonjwa ya akili. Nitatoa jibu kwanza, kisha nilitetee. Mpaka leo sayansi hii haijatupatia kipimo cha damu wala picha ya kuthibitisha kwamba mtu ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, au skizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo. Ilichofanya kwa mafanikio makubwa zaidi ni kuwachambua wagonjwa tuliowaweka chini ya jina moja, na kuwatoa miongoni mwao wale ambao chanzo cha ugonjwa wao kinajulikana na kina tiba yake mahususi.

Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa karne ya 20, katika hospitali za magonjwa ya akili za Ulaya na Marekani, walilazwa watu wengi waliojidai kuwa wafalme au matajiri, kisha ulimi ukawa mzito, wakapooza na kufa. Mwaka 1913 watafiti Hideyo Noguchi na J. W. Moore walionyesha vijidudu vya kaswende ndani ya bongo za wagonjwa wa aina hiyo. Penisilini ilipopatikana katika miaka ya 1940, ugonjwa huo ukaanza kutoweka katika wodi hizo, na ndiyo sababu hadi leo daktari makini huagiza kipimo cha kaswende kwa mgonjwa mpya aliyechanganyikiwa.

Mfano wa karibuni ni wa mwaka 2007, na nitakaa nao kidogo. Daktari wa neva Josep Dalmau na wenzake walieleza habari za wanawake 12 ambao kinga zao za mwili zilikuwa zimetengeneza kingamwili zinazoshambulia vipokezi vya NMDA, yaani milango midogo kwenye seli za neva inayopokea kemikali ya glutamati. Wote walikuwa na uvimbe wa aina ya teratoma, karibu wote kwenye ovari, na uvimbe huo unaweza kubeba tishu zinazofanana na za ubongo. Kinga inapopambana na tishu za uvimbe, huishia kuushambulia ubongo wenyewe, ingawa leo tunajua kwamba wagonjwa wengi hawana uvimbe wowote.

Mfikirieni msichana wa miaka 20 hivi. Anaumwa kichwa na kupata homa kwa siku chache, halafu anakosa usingizi, anaongea peke yake, anadai watu wanamfuatilia. Ndugu wanasema amepagawa, na zahanati inampa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili. Baada ya wiki moja au mbili maneno yanakatika, midomo inatafuna pasipo chakula, degedege linaanza, na presha na mapigo ya moyo yanapanda na kushuka bila mpangilio. Aliyeona wagonjwa wa skizofrenia anapaswa kushtuka hapo, kwa sababu skizofrenia haianzi kwa homa wala haileti degedege. Kipimo chenyewe ni kutafuta kingamwili hizo katika maji ya uti wa mgongo, na tiba ni dawa za kutuliza kinga, kubadilisha utegili (sehemu ya majimaji) wa damu, na kuondoa uvimbe kama upo. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliochapishwa mwaka 2013, takriban asilimia 80 ya waliofuatiliwa walikuwa na hali nzuri baada ya miezi 24. Kipimo hicho ni ghali na katika hospitali zetu nyingi hakipo, lakini kuuliza kuhusu homa na degedege hakuhitaji maabara.

Upande wa dawa, mambo yalikwenda kinyumenyume: tiba ilitangulia, maelezo yakafuata. Kloropromazini, dawa ya saikosisi, yaani hali ya mtu kupoteza uhusiano na uhalisia, ilianza kutumiwa na madaktari Jean Delay na Pierre Deniker mjini Paris mwaka 1952, ilhali hakuna aliyejua inafanyaje kazi. Mwanasayansi Arvid Carlsson na wengine ndio waliokuja kutufungulia habari za dopamini, kemikali ya ubongo ambayo dawa za aina hii huizuia, na kwa maarifa hayo tunaelewa kwa nini mgonjwa anayetumia dawa hizi hukakamaa, hutembea bila kupunga mikono na hutokwa na mate: dopamini imezuiwa pia katika sehemu za ubongo zinazoongoza mwendo. Mama anayesema kwamba dawa inamharibu mwanawe anaona sawasawa. Apunguziwe dozi au apewe benzhexoli, dawa ya kupunguza ukakamavu huo, asikaripiwe.

Kwa miaka 70 hivi karibu dawa zote za saikosisi zilipita mlango huo mmoja wa dopamini. Mwezi Septemba 2024 Marekani iliidhinisha zanomelini ikichanganywa na trospiamu, dawa inayoamsha vipokezi vya asetilikolini, kemikali nyingine ya ubongo. Zanomelini ilikuwa imejaribiwa kwa wazee wenye Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, katika miaka ya 1990, ikapunguza njozi zao, lakini ikawasumbua tumbo mno. Trospiamu, isiyopenya kwa urahisi ndani ya ubongo, iliongezwa ili kuyazuia madhara hayo. Huo ni ubunifu uliotokana na kuujua ubongo, si bahati peke yake.

Picha za ubongo zenye rangi, ambazo magazeti huzipenda, zinahitaji tahadhari. Uchambuzi wa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba tafiti nyingi za MRI, mashine inayopiga picha hizo, zilitumia watu 25 hivi, wakati uhusiano thabiti kati ya ubongo na tabia huhitaji maelfu. Tena, majina yenyewe tunayoyapima yamelegea: kwa mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, mtu hutambuliwa kuwa na sonona akiwa na dalili 5 kati ya 9, hivyo wagonjwa wawili wanaweza kufanana kwa dalili moja tu. Picha gani itawaunganisha?

Kwetu sisi, ninatarajia faida ya mapema zaidi katika jenetiki, yaani elimu ya urithi. Mradi wa utafiti wa NeuroGAP-Psychosis umekusanya sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, kwa kuwa data nyingi za awali zilitoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kuna pia jeni ya CYP2D6, inayosimamia kimeng'enya kinachovunja dawa za akili kama haloperidoli, risperidoni na amitriptilini mwilini. Aina yake ya *17, inayopunguza kasi ya kazi hiyo, imeenea barani Afrika na ni nadra Ulaya. Mgonjwa mwenye aina hiyo anaweza kulemewa na dozi iliyoandikwa kitabuni. Kabla kipimo chake hakijafika kliniki, anza na dozi ndogo, na mwite mgonjwa arudi baada ya wiki moja badala ya mwezi.