Mnaniuliza Tunajuaje Kama Gari la Mbio la Zamani Ni Lenyewe

Ndugu watazamaji, habari za huko nyumbani. Kila ninapoweka video ya gereji ninayofanyia kazi hapa Indiana, swali moja hurudi: gari lisilo na taa wala kadi, lenye kiti kimoja na rangi iliyobanduka, linauzwaje kwa mamilioni ya dola, na ninyi mnajuaje kwamba si feki? Wengine huongeza kwamba ninajionyesha kwa mali za matajiri. Hakuna hata gari moja kati ya hayo lililo langu. Mimi ni fundi wa bodi na fremu, ninalipwa kwa saa, na sehemu ya kazi yangu siku hizi ni kusaidia kutafuta historia ya magari ya mbio ya Kimarekani kabla hayajauzwa au kukarabatiwa. Na nikieleza ugumu wa kazi hii, nisieleweke kwamba ninailalamikia nchi ninayokula mkate wake, ninajibu nilichoulizwa.

Sitapoteza muda kueleza namna ya kulinganisha namba ya chesisi na kadi, kwa sababu hayo kila aliyewahi kununua gari anayajua. Shida ni kwamba gari la mbio halikuwahi kusajiliwa, kwa kuwa halikutengenezwa kwenda barabarani. Lilibebwa juu ya trela, likakimbia, likarudishwa, na lilipouzwa watu walipeana mkono na kipande cha karatasi. Namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17 ilianza kutumika kwa magari yote ya Marekani mwaka 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake, na hadi miaka ya 1950 majimbo mengi yalisajili gari kwa namba ya injini, kitu ambacho timu ya mbio ingeweza kukibadilisha usiku mmoja.

Chukueni magari yaliyoshindana katika Indianapolis 500, mashindano ya kila mwaka ya maili 500, miaka ya 1950, yale yenye injini mbele, yaliyojengwa na watu kama Frank Kurtis na A. J. Watson. Gari liliitwa kwa jina la mdhamini, na mdhamini alipoondoka, jina liliondoka naye. Namba ya ubavuni nayo ilibadilika. Gari alilolijenga George Salih lilishinda mwaka 1957 likiwa na namba 9, dereva akiwa Sam Hanks. Mwaka uliofuata gari hilohilo likashinda tena likiendeshwa na Jimmy Bryan, safari hii likiwa na namba 1, kwa sababu Bryan ndiye aliyekuwa bingwa wa msimu uliotangulia. Mtu asiyejua hayo akiziona picha mbili atadhani ni magari mawili. Kinyume chake pia hutokea: magari mawili tofauti yalibeba namba ileile katika misimu miwili, na leo historia zao zimechanganywa kuwa moja.

Mwaka 1964 A. J. Foyt alishinda kwa gari la Watson, na huo ndio ukawa ushindi wa mwisho wa injini ya mbele katika Indianapolis 500. Baada ya hapo magari yale yakawa vyuma vya kuuzwa kwa bei ya kutupa. Baadhi yalikatwa fremu, yakahamishwa viti na kupelekwa kwenye viwanja vidogo kama Oswego, jimbo la New York. Kwa hiyo linapotufikia gereji, gari huwa limepita mikono mingi na kila mkono umeacha viraka vyake.

Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni picha. Pale Indianapolis kuna desturi ya muda mrefu kwamba kila gari linalofuzu hupigwa picha pamoja na dereva wake, kwa hiyo kuna rekodi ya mwaka hadi mwaka inayoonyesha ubavu wa gari kwa uwazi mkubwa. Tunaikuza picha, kisha tunaitazama fremu iliyo mbele yetu bila bodi. Ninatafuta matundu. Mabano, yaani vyuma vya kushikilia tangi au shokamzoba, yakiondolewa, tundu huzibwa kwa kuchomelea na kusagwa hadi likawa laini, lakini ukipitisha kidole utausikia mfinyo mdogo, na ukimulika taa kutoka pembeni utaona duara hafifu ambalo rangi haikulificha. Duara hilo likiwa mahali palepale ambapo picha inaonyesha bano, hapo ninaanza kusadiki. Rangi nayo husomwa hivyohivyo: tunasugua sehemu ndogo isiyoonekana, taratibu, hadi tabaka zote zijitokeze, na chini ya nyekundu huweza kutokea nyeupe, na chini ya nyeupe ukingo wa herufi ya mdhamini aliyesahaulika. Ndiyo sababu huniuma sana kuona mwenye gari amelipeleka kupigwa rangi mpya kabla ya uchunguzi, kwa sababu msasa huo umefuta ushahidi usioweza kurudishwa.

Vipuri navyo husema, ila kwa mipaka. Kampuni ya Ford iligonga kwenye vipuri vyake namba za usanifu ambazo herufi ya kwanza ni muongo na tarakimu inayofuata ni mwaka. C4 ni mwaka 1964, C8 ni 1968. Mtu akikuambia injini hii yenye C8 ndiyo iliyokimbia mwaka 1964, hasemi kweli. Lakini hilo halilifanyi gari zima kuwa feki, kwa sababu injini za mbio zilikuwa za kubadilishwa. Tunachofuatilia ni mnyororo wa fremu: nani alikuwa nayo, kutoka lini hadi lini, na pengo liko wapi. Fremu iliyopata ajali ikakatwa vipande viwili huweza kuzaa magari mawili, kila mmiliki akiwa na kipande cha kweli na kila mmoja akidai namba ileile. Kwa maoni yangu, anayestahili jina ni yule ambaye mnyororo wake haukukatika, hata kama mwenzake ana vyuma vingi zaidi.

Mfano mzuri ni gari la Shelby Cobra Daytona Coupe lenye namba CSX2287, lililosanifiwa na Peter Brock. Yalijengwa sita tu. Hili la kwanza lilijengwa lote California mwaka 1964, na bodi za yale matano zilitengenezwa Modena, Italia. Mwaka 1965 Shelby walitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji wa magari ya GT, na CSX2601, moja kati ya hayo sita, iliuzwa mwaka 2009 kwa zaidi ya dola milioni 7. CSX2287 iliwahi kuwa ya mtayarishaji wa muziki Phil Spector, kisha ikafichwa ghalani California kwa miaka mingi, na ilipojulikana tena mwaka 2001 watu wakafikishana mahakamani kugombea umiliki. Sasa iko katika jumba la makumbusho la Simeone huko Philadelphia, na mwaka 2014 ikawa gari la kwanza kuingizwa katika rejista ya kitaifa ya magari ya kihistoria. Mtambue kwamba waligombana kuhusu mwenye mali, wala si kuhusu gari lenyewe. Historia ya gari na haki ya kulimiliki ni mambo mawili, na anayeyachanganya hupoteza fedha.

Liko jambo jingine linalonigusa mimi kama Mwafrika ninayeishi jiji hili. Charlie Wiggins alikuwa fundi Mweusi hapahapa Indianapolis, akijijengea magari yake mwenyewe. Chama cha wenye magari cha AAA, kilichosimamia mashindano wakati huo, kiliwazuia madereva Weusi, ndipo mwaka 1924 yakaanzishwa mashindano yao ya Gold and Glory, ambayo Wiggins alishinda mara nne. Ukizitafuta rekodi zake kwenye madaftari ya AAA hutazipata. Huna budi kusoma magazeti ya Weusi kama Indianapolis Recorder. Thamani ya gari hufuata karatasi, na karatasi ziliwekwa kwa ajili ya walioruhusiwa kuingia getini.

Kuhusu fedha, wanaodhani ninavuna wasikilize. Nakala ya picha hulipiwa, safari ya kwenda kwenye hifadhi za nyaraka kama ile ya Watkins Glen, New York, hulipiwa, na fomu za serikali zinadai tarakimu 17 kwa gari lenye tarakimu tatu, kwa hiyo unarudishwa dirisha hadi dirisha ukieleza jambo lilelile. Mteja mmoja alikataa kunilipa kwa sababu taarifa yangu ilisema fremu yake ni mpya kuliko hadithi aliyouziwa. Alitaka niandike “huenda”. Sikuandika, na fedha ile sijaiona hadi leo. Vilevile huchosha kufika mahali na kifuko cha vipimo ukaulizwa umetumwa na nani, ilhali mwenzako aliyetangulia amepita tu.

Kwa mnaoniomba niwatafutie gari la namna hii mlilete nyumbani, haya ni maoni yangu binafsi na kila mtu ana mazingira yake. Forodha ya Marekani hutaka hati halisi ya umiliki ifike bandarini saa 72 kabla gari halijapakiwa melini, na gari lisilo na hati hiyo huhitaji ushahidi mwingine wa umiliki ulioandikwa vizuri. Kwa upande wangu singetoa hata malipo ya awali kabla ya kuona picha za fremu ikiwa wazi, mikataba ya mauziano ya wamiliki waliotangulia, na jina la mtu aliye tayari kuweka saini chini ya historia hiyo. Muuzaji akisema bodi haiwezi kufunguliwa, mimi ningeondoka.