Niko nchi ya furaha, mbona nimenuna?

Oyaa, wana Dar, mambo! Wakubwa zangu, shikamooni. Giza hili mnaloliona nyuma yangu si usiku, ni saa kumi jioni. Ndiyo Desemba ya Helsinki hiyo. Nimetoka kazini sasa hivi, nafanya usafi wa maofisi.

Jana binamu yangu wa Kariakoo kanipigia: "We si uko nchi inayoongoza dunia kwa furaha? Mbona umenuna?" Kweli, Finland inashika namba moja kwenye ripoti ya furaha duniani tangu 2018. Ila nafasi hizo hazipangwi kwa kuhesabu vicheko, jamani. Wanakwambia fikiria ngazi, chini kabisa sifuri, juu kabisa kumi. Maisha yako yapo ngazi ya ngapi?

Sasa nirudisheni Mtaa wa Kongo, enzi nauza soksi. Kucheka? Mbavu zilikuwa zinauma! Mteja akitaja bei ya ajabu, jirani anamdaka kwa utani. Muuza kahawa anapita na kashata zake, Simba na Yanga zinamalizwa palepale. Lakini ungeniuliza ngazi, ningekwambia ya tatu. Mvua ikinyesha siku mbili, Msimbazi ukafurika, Jangwani hapapitiki, biashara hakuna, na mwenye nyumba anataka kodi yake. Malaria ya wiki moja inakula mtaji wote. Sheria yetu ya kazi ya 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, na analipwa. Safi kabisa. Machinga je, likizo akaiombe kwa meza?

Huku mwezi wa saba nimekaa nyumbani wiki tatu, mshahara umeingia kama kawaida, na juu yake nyongeza wanayoiita lomaraha, hela ya likizo. Nikajua wamekosea. Siku mbili sikuigusa, nasubiri waje waidai!

Kwa hiyo binamu nikamwambia, ngazi nimepanda, labda niko ya saba. Ila leo nimepiga kazi masaa nane na maneno niliyotamka hayafiki ishirini. Wakati wa kahawa kila mtu na kikombe chake, kimyaa.

Akasema, "Basi nitumie hiyo likizo, mimi nikutumie stori."

Sasa kila mapumziko nampigia. Ananiweka juu ya meza, katikati ya soksi, anaendelea kuuza. Mimi nasikiliza tu.