Kesho Yake ya Bingwa: Mapumziko na Mashindano Umri Ukisogea

Mhadhara uliotolewa Dodoma mbele ya walimu wa michezo, makocha na wachezaji wa veterani

Mbukwenyi! Asanteni sana. Walimu wangu, makocha wenzangu, na wazee wetu wa veterani mliotoka uwanjani mkaja moja kwa moja na raketi zenu begani, shikamooni. Vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie bingwa wa tenisi ambaye umri umeanza kumtupa mkono: apumzike kiasi gani, acheze kiasi gani. Watu wengi wanalijibu swali hili harakaharaka. Wengine wanasema apumzike, ameshatuonyesha ya kutosha. Wengine wanasema akilala tu ameisha. Mimi naona pande zote mbili zinahesabu kitu kisicho chenyewe.

Twende mwaka 1974. Ken Rosewall wa Australia alikuwa na miaka 39. Pale Wimbledon, mashindano ya viwanja vya nyasi kule London, alimtoa John Newcombe, kisha kwenye nusu fainali akakutana na Stan Smith. Wote wawili walishawahi kuwa mabingwa wa mashindano hayo. Smith akatangulia kwa seti mbili. Rosewall akageuza, akashinda kwa seti tano. Halafu ikaja fainali dhidi ya Jimmy Connors, kijana wa miaka 21, na Rosewall akafungwa 6–1, 6–1, 6–4. Miezi miwili baadaye wakakutana tena fainali ya US Open, na safari hii Rosewall alipata gemu mbili tu mechi nzima.

Sasa ruka hadi 1991. Connors yuleyule ana miaka 39. Ametoka kwenye upasuaji wa kifundo cha mkono, yuko nafasi ya 174 duniani, na US Open wamemwingiza kwa mwaliko. Siku yake ya kuzaliwa anacheza saa 4 na dakika 41 dhidi ya Aaron Krickstein na anashinda. Uwanja mzima umesimama. Anafika nusu fainali, anakutana na Jim Courier, miaka 21, na anatolewa kwa seti tatu bila jibu.

Je, Rosewall alisahau kupiga bekhendi, lile pigo la mgongo wa mkono, kati ya nusu fainali na fainali? Hakusahau. Mkono ulikuwepo, jicho lilikuwepo, na akili yake ya mchezo ilizidi ya yule kijana. Kilichokosekana ni miguu ya siku ile. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo: umri haumnyang'anyi bingwa mechi, unamnyang'anya kesho yake. Kwa siku moja anaweza kumfunga mtu yeyote duniani. Shida ni asubuhi inayofuata. Kwa hiyo ukitaka kupanga mapumziko na mashindano yake, usianze na kalenda ya mashindano wala orodha ya ubora. Anza kwa kuuliza mwili wake unachukua muda gani kurudi.

Niseme kidogo kuhusu mwili wenyewe, sitakaa hapo sana. Umri ukipita miaka 30 na kitu, misuli ya kasi, ile inayokurusha kwenye mpira mfupi, hupungua mapema kuliko pumzi. Ndiyo maana mtu wa miaka 38 anaweza kukimbia mbio ndefu vizuri kabisa lakini akachelewa hatua moja kwenye mpira wa pembeni. Kano, zile kamba zinazofunga msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo na hujijenga polepole. Jeraha lililochukua wiki mbili ukiwa na miaka 22 linaweza kuchukua wiki sita. Na viwanja vyetu vingi hapa ni vya saruji. Saruji haisamehi goti.

Mimi nikiwa na mchezaji wa umri huo, siku ya baada ya mechi simuulizi anajisikiaje. Wachezaji wazuri wote watakwambia wako fiti. Namtazama anavyoshuka ngazi asubuhi. Kupanda ngazi hakuniambii kitu. Lakini akishuka ubavuubavu, mkono umeshika reli, mguu mmoja unatangulia kila kidato na mwingine unaufuata palepale, basi kano ya goti imeshajibu. Siku hiyo hakuna mazoezi ya kukimbia, hata kama ana mechi kesho. Wazee wangu wa veterani naona mnatazamana. Kajipimeni wenyewe Jumapili asubuhi.

Kwa nini basi bingwa anayejua haya anaendelea kucheza akiwa na maumivu? Sababu kubwa ni pointi. Pointi za orodha ya ubora zinadumu wiki 52, kisha zinafutika. Ukishinda taji mwaka huu, mwaka kesho wiki ileile unarudi kuzilinda. Mchezaji anajikuta anakimbizwa na ushindi wake mwenyewe. Chama cha wachezaji wa kiume, ATP, kimeliona hilo. Kanuni zake zinampunguzia mchezaji mashindano makubwa ya lazima akifikisha miaka 31, akitimiza mechi 600, au akiwa na miaka 12 kwenye mchezo, na mwenye sifa zote tatu anaachiliwa. Mlango umefunguliwa, lakini wengi hawapiti kwa sababu wanaogopa kuona jina lao linashuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya kumi. Bingwa aliyezeeka lazima akubali kushuka kwenye orodha. Nalisema kwa moyo wote, kwa sababu nimeona watu wazuri wakiharibu magoti kwa ajili ya namba.

Hapa Dodoma mfano wa kupanga upo mlangoni kwenu. Mkulima wa zabibu kule Hombolo au Mpunguzi anavuna mara mbili kwa mwaka, lakini anapogoa kwa mkono mzito. Anakata machipukizi mazima, yenye uhai, ili yale machache aliyoyaacha yabebe vichala vya maana. Anayeyaonea huruma yote anavuna punje ndogo. Bingwa naye akate mashindano ambayo bado ana uwezo wa kuyashinda. Hapo ndipo panapouma.

Roger Federer alifanya hivyo. Mwaka 2016 alifanyiwa upasuaji wa goti, akakosa Roland Garros, mashindano ya viwanja vya udongo kule Paris, na mfululizo wake wa Grand Slam 65 (yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka) bila kukosa hata moja ukakatika. Baada ya kufungwa nusu fainali ya Wimbledon na Milos Raonic, alifunga msimu mzima, Olimpiki ya Rio ikiwemo. Alikaa nje miezi sita. Januari 2017 alirudi Melbourne, kwenye Australian Open, akiwa ameorodheshwa wa 17, umri miaka 35, akafika fainali dhidi ya Rafael Nadal.

Seti ya tano ya fainali ile naionyesha vijana wangu kila mwaka. Nadal anaongoza 3–1. Kwa miaka mingi hapo ndipo Federer alipokuwa akirudi nyuma ya mstari na bekhendi yake ikianza kuelea. Siku ile alisogea mbele. Aliupiga mpira ukiwa bado unapanda, mapema kabisa, kabla haujafika begani, na kumnyima Nadal muda. Federer akiongoza 4–3, wakiwa sare kwenye gemu ya sevu ya Nadal, mpira ulipigwa mara 26, ndani, nje, kona hii, kona ile, na aliyemaliza kwa fohendi iliyonyooka kando ya mstari alikuwa mwenye miaka 35. Alichukua gemu tano mfululizo, seti ikaisha 6–3. Msidhani miezi sita ilimpa kasi mpya, kasi hairudi. Ilimpa miguu ya kusogea mbele hata saa ya nne, na ilimpa nafasi ya kuizoesha bekhendi ile mazoezini bila mashindano kumkatizakatiza.

Mwaka uleule, baada ya kushinda Indian Wells na Miami, aliuacha msimu wote wa viwanja vya udongo. Wengi walishangaa. Aliporudi kwenye nyasi kule Stuttgart, baada ya takriban wiki kumi bila mashindano, alifungwa mechi ya kwanza na Tommy Haas, mwenye miaka 39! Hii ni sehemu ambayo wasifiaji wa mapumziko huiruka. Mapumziko yana kutu yake. Mazoezini hakuna pointi ya kuokoa, hakuna mkono unaotetemeka. Lakini Federer alikuwa ameiweka Stuttgart pale makusudi, na Halle baada yake, ili kutu imtoke kabla ya Wimbledon. Halle akashinda. Wimbledon akashinda bila kupoteza hata seti moja, na hilo la pili ndilo muhimu kwa mada yetu, maana kila seti asiyoicheza raundi ya kwanza anaikuta miguuni siku ya fainali.

Kwa hiyo mapumziko ninayoyasema si kulala. Umri huu ukilala wiki tatu bila kugusa vyuma, nguvu zinaondoka upesi na kurudi kwake ni kwa shida kuliko kwa kijana. Kano na gegedu zinataka mzigo wa kiasi ili zibaki imara. Bingwa apumzike na safari, na seti tano, na hoteli, na kubadilisha majira ya saa. Jimu asipumzike nayo. Wiki ya kwanza baada ya mashindano makubwa aogelee, aendeshe baiskeli, alale vya kutosha. Ya pili arudi kwenye vyuma. Raketi inaweza kusubiri hadi ya tatu.

Novak Djokovic ametupa somo lenye pande mbili. Juni 2024, akiwa na miaka 37, gegedu la goti lilichanika Roland Garros, akafanyiwa upasuaji. Wimbledon ilikuwa chini ya mwezi mmoja mbele. Alicheza, akafika fainali, Carlos Alcaraz akamfunga. Wiki tatu baadaye akamfunga Alcaraz kwenye fainali ya Olimpiki ya Paris, seti mbili, zote kwa taibreka, ile gemu ya kuamua seti ikifika sare 6–6. Hakuwa ameshinda taji lolote mwaka ule kabla ya hapo, na hakushinda jingine baada yake. Alichagua kitu kimoja akakipata. Mshika mbili moja humponyoka. Angalieni pia kwamba Olimpiki inachezwa kwa seti tatu, si tano. Mwaka 2025 alifika nusu fainali zote nne za Grand Slam. Kabla ya US Open aliacha Toronto na Cincinnati, akaingia bila mechi hata moja tangu Wimbledon, na bado akafika nusu fainali. Huko Alcaraz alimfunga seti tatu bila, na Djokovic mwenyewe alisema nguvu zilimwishia baada ya seti ya pili. Mapumziko yalimfikisha hapo, yakaishia hapo. Tusiyatwishe mzigo usio wake.

Mkiona haya ni mambo ya Ulaya na Marekani tu, tazameni jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston Marathon. Kisha Septemba, kule Tokyo, akawa bingwa wa dunia wa marathoni akiwa na miaka 33, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Wakimbiaji wa marathoni wameshalikubali zamani jambo ambalo wacheza tenisi bado wanabishana nalo: mbio chache kwa mwaka, na miezi kati yake ni sehemu ya kazi.

Mkinipa mimi bingwa wa miaka 36 leo, nitampangia vilele vitatu kwa mwaka, visizidi. Melbourne, kwa sababu inakuja baada ya mapumziko ya mwisho wa mwaka na mwili uko mpya. Wimbledon, kwa sababu nyasi hufupisha pointi. Cha tatu akichague mwenyewe kwa moyo wake. Kabla ya kila kilele, shindano moja dogo, mawili akihitaji. Udongo ningeufuta, isipokuwa kama ni mchezaji aliyezaliwa nao kama Nadal, ambaye kumwondolea Roland Garros ni kumwondolea sababu ya kuamka asubuhi. Na ningembana kwenye jambo moja: mapumziko yaandikwe Novemba, kabla msimu haujaanza. Yakisubiri goti livimbe, hayo ni matibabu, na mtu anayetibiwa hajengi kitu kipya.

Mama aliyeketi pale nyuma ameinua mkono muda mrefu, naomba tumsikie. Anauliza: atajuaje kwamba sasa ni wakati wa kuacha?

Asante, mama. Mimi natazama kama mapumziko bado yanamrudisha. Federer alifanyiwa upasuaji wa goti mara mbili mwaka 2020, akakaa nje zaidi ya mwaka, akarudi kwa utaratibu uleule wa subira. Wimbledon 2021 alifungwa robo fainali na Hubert Hurkacz, seti ya mwisho 6–0. Alipumzika vizuri na mwili haukuja. Ukafuata upasuaji mwingine, na Septemba 2022 akaaga London, akicheza wawili wawili pamoja na Nadal.

Na hilo la wawili wawili nalichukulia kwa uzito. Nusu ya uwanja inashikwa na mwenzako, pointi ni fupi, na uzoefu una thamani kubwa kuliko miguu. Rohan Bopanna wa India alishinda Australian Open ya wawili wawili mwaka 2024 akiwa na miaka 43, akawa namba moja wa dunia. Martina Navratilova alichukua US Open ya wawili mchanganyiko mwaka 2006, akikaribia miaka 50. Kwa hiyo mchezaji akija kwangu na magoti yanayolia, akaniuliza kama atundike raketi, namuuliza kwanza kama amejaribu msimu mmoja mzima wa wawili wawili, akiwa na mapumziko yaliyopangwa tangu Novemba. Akisema hapana, hatuna mazungumzo ya kuacha bado. Tunatafuta mwenza.