Serikali ya Marekani Imenilipa Ngapi? Nawajibu Kuhusu Helene, Milton na Zile Dola 750

Haya. Nilisema hili sitalizungumza tena, lakini kila nikifungua maoni nakutana na swali lile lile: "Dada, serikali ya huko imekulipa ngapi?" Wengine hata salamu hawatoi. Kwa anayenikuta leo: mimi naishi Florida, Marekani, na mwaka 2024 tulipigwa na vimbunga viwili, Helene kisha Milton. Basi leo nalijibu. Anayetaka kusema najigamba aseme, anayetaka kusema nalialia naye aseme, mmeshanizoea.

Dola 750. Ziliingia, sikatai. Ndizo FEMA, shirika la maafa la serikali kuu, walizokuwa wanatoa baada ya Helene kwa mahitaji ya haraka: chakula, maji, maziwa ya mtoto. Ni za kuanzia tu, si fidia ya nyumba. Tena si kila mtu anapewa. Mimi nina grini kadi. Ukiwa hapa kwa viza ya masomo au ya kazi huhesabiwi, labda nyumbani mwako kuwe na mtoto aliye raia.

Kuna kaka mmoja alinipigia hesabu kabisa, 750 mara 2,700, akapata shilingi za Tanzania milioni mbili na ushee, akaandika "hongera, kimbunga kimekuletea mtaji." Kaka yangu, kodi yangu ya mwezi mmoja ni zaidi ya mara mbili ya hiyo hela. Na mwezi wa kumi nilitakiwa kuilipa, chumba kikiwa kinanuka tope.

Wale wa "mnajenga nyumba za maboksi halafu mnalia": yangu ni ya tofali za zege, kama ya baba Tanga. Maji hayavunji ukuta, yanapita chini ya mlango. Tena Helene wala hakikutua kwetu St. Petersburg. Kilipita baharini, zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, kikaenda kutua upande wa Perry, kaskazini mwa Florida, usiku wa tarehe 26 Septemba. Lakini kilisukuma bahari, ikapanda karibu mita mbili. Mimi naishi chini kabisa, kanda A, wale wa kwanza kuambiwa ondokeni. Niliondoka, nikalala kwa dada mmoja Mkenya kule Lakeland. Niliporudi alama ya maji ilikuwa imepita soketi za ukutani. Kitanda, friji, cherehani ya marehemu mama. Hiyo cherehani naomba msiniulize.

Sasa bima. Kila mwezi nalipa bima ya mpangaji, na kichwani mwangu nilikuwa nimekatiwa bima ya kila kitu. Nikapiga simu, nikasubiri saa nzima nasikiliza muziki, akapokea binti mpole sana, akaniuliza: "Maji yalitoka juu au yalitoka chini?" Nikamwambia, "Mama, maji yametoka baharini." Hapo hapo kesi ikaisha. Upepo ukichana paa mvua ikaingia, wanalipa. Maji yakipanda kutoka ardhini, hayo ni mafuriko, na mafuriko yana bima yake peke yake. Hata hiyo, ya mpango wa serikali, ukiikata leo kwa kawaida inaanza baada ya siku 30, kwa hiyo huwezi kungoja kimbunga kionekane kwenye ramani ndipo ukimbilie kulipia.

Nikaomba wanikatalie kwa maandishi, maana msaada mwingine wa FEMA, wa vitu vya ndani, wanataka kwanza waone barua ya bima. Kukataliwa kwa mdomo dakika tatu, barua ya kukataliwa wiki tatu.

Na kabla barua haijafika, akaja Milton. Siku 13 tu zimepita! Majina ya vimbunga wanayapanga kwa alfabeti, hesabuni wenyewe kutoka H mpaka M. Makochi na magodoro ya Helene bado yalikuwa yamerundikwa kando ya barabara, tukawa tunaogopa upepo utayarusha. Baharini hicho kimbunga kilifika daraja la tano la nguvu, lile la juu kabisa, kikatua daraja la tatu, Siesta Key, kusini yetu, tarehe 9 Oktoba. Kwa kuwa kilitua kusini, bahari ya kwetu ilivutwa nje badala ya kuingia. Mungu mkubwa. Ila mvua! Zaidi ya milimita 400, paa la uwanja wa Tropicana Field likachanika vipande vipande, na maji ya bomba mjini yakafungwa.

Safari hii dirisha langu lilivunjika, mvua ikaingia. Maji ya juu sasa! Nikapiga simu kwa furaha. Wakasema nithibitishe kilichoharibiwa na Milton, kisiwe kile cha Helene. Godoro limelowa mara mbili, mimi nitalitenganisha vipi?

Na usiku ule ule napakia mabegi, kwenye grupu la ukoo mtu anaandika, "Dada wa Marekani bado hajatoa ahadi ya harusi." Nilitoa. Dola mia. Sitaki kusema zaidi, shangazi anaangalia hizi video.

Mtaniuliza kwa nini sihami. Kazi yangu ya kutunza wazee iko hapa, na mkataba wa nyumba nikiuvunja nalipa. Halafu kuhamia wapi? Helene kiliua watu mpaka milimani North Carolina, mbali na bahari. Mimi siwashauri mje wala msije, kila mtu na riziki yake. Ila ukija Florida, mimi binafsi naona ukatae chumba cha chini hata kikiwa rahisi, gari ulikatie bima kubwa, na kila kitu chako ukipige picha kabla ya Juni, msimu wa vimbunga unapoanza, risiti ziwe kwenye simu.

Msimu unafungwa tarehe 30 Novemba. Jumanne anakuja mthamini wa pili wa bima kuliangalia lile godoro. Nimelifunika turubai, sijalitupa, na jirani ameshalalamika mara mbili.