Bibi hajarogwa

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za jioni. Mmekuja kuniuliza kuhusu umeme wa kichwani unaojaribiwa ili wazee wasichanganyikiwe akili baada ya upasuaji.

Chukueni bibi aliyevunjika nyonga. Kapasuliwa asubuhi, jioni anauliza kama kuku wake wamefungiwa. Usiku wa pili anang'oa dripu, anamwita marehemu mumewe, mwanawe hamtambui. Ndugu kule koridoni, mmoja anasema nusu kaputi haijamtoka, mwingine keshamtaja jirani. Msicheke, nimeyasikia sana.

Bibi hajarogwa. Jeraha la upasuaji huamsha kinga ya mwili, na kemikali zake hufika hadi kwenye ubongo. Ubongo wa kijana hustahimili. Wa mzee, hasa aliyekwisha anza kusahausahau, huyumba. Wala si wote wanaopiga kelele. Wengine husinzia tu mchana kutwa, na wodi nzima inasema mzee katulia. Huyo ndiye ninayemwogopa.

Sasa umeme mlioujia. Pedi mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi hufungwa kichwani, moja ikiwa mbele upande wa kushoto, kisha mkondo wa miliampea 2 hupitishwa kwa dakika 20 hivi. Si ule wa kumtia mtu degedege. Mgonjwa yu macho, anahisi kuwashwawashwa tu. Mkondo wenyewe ni mdogo mno kuzilazimisha seli za ubongo zifanye kazi, unazirahisishia tu kuamka. China wameujaribu kwa wazee waliobadilishiwa nyonga na magoti, wengine wakifungwa pedi zisizopitisha umeme wa maana bila wao kujua. Katika waliopata umeme wa kweli, waliochanganyikiwa walikuwa wachache kuliko wenzao. Inatia moyo, ila waliopimwa bado ni wachache. Mimi singeuza ng'ombe kununua mashine.

Tena ipo njia isiyohitaji mashine. Mwaka 1999 Sharon Inouye, daktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 852 wa miaka 70 na kuendelea. Hawakuwa wa upasuaji, nakiri. Waliohudumiwa kama kawaida, asilimia 15 walichanganyikiwa; kundi la pili, asilimia 9.9. Hilo la pili lilipewa nini? Miwani yao, vifaa vya kusikia, maji ya kunywa, mtu wa kuwatembeza na kuongea nao, na usiku waliachwa walale.

Kwa hiyo mkiniuliza mashine itafika lini, nami nitawauliza miwani ya bibi iko wapi. Najua iko wapi. Mmeifungia kabatini nyumbani, mkiogopa wezi wa wodini.