Wahi Maji Yangali Yamejaa

Ndugu zangu, tukienda ufukweni kutazama ndege wa pwani, wengi wetu tunaharibu mambo kwenye saa ya kufika. Mtu amesikia kwamba ndege hula maji yakikupwa, basi anakuja maji yameshatoka kabisa. Anakuta tope limetanda hadi upeo wa macho na ndege ni vitone tu. Njoo maji yangali yamejaa, ukae kitako. Ukanda wa kwanza wa tope ukichomoza, wenye njaa wote watashuka hapo hapo mbele yako, maana kwingine bado kumefunikwa.

Sasa usikimbilie kitabu cha majina. Tazama mdomo. Anayekimbia hatua chache, akasimama ghafla, kisha akadonoa, huyo anawinda kwa macho. Macho yake ni makubwa, mdomo mfupi. Wanaotembea wameinama, wakidunga tope kama cherehani, wanatafuta kwa kugusa. Yumo mmoja, Calidris canutus, anayemgundua kome aliyejizika bila hata kumgusa. Mdomo ukizama kwenye mchanga uliolowa, msukumo wa maji hubadilika palipo na kitu kigumu, na ncha ya mdomo inahisi. Kome humezwa mzima na gamba lake. Firigisi ndiyo itakayosaga!

Sululu naye, mwenye mdomo mrefu uliopinda, mfuatilieni kwa darubini. Akishamvuta kaa shimoni humtikisa kwa nguvu mpaka miguu ing'oke, ndipo anameza kiwiliwili.

Haraka yote hiyo ina sababu. Maji hutoka kwa takriban saa 6, yakarudi, na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo ndege hawa hula hata usiku wa manane. Wengine wanaweka mafuta ya safari. Mwaka 2022 kinda mmoja wa Limosa lapponica, ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu, aliruka kutoka Alaska, Marekani, hadi Tasmania, Australia, bila kutua, kilomita 13,560, siku 11. Ukiinuka kusogea upate picha, kundi zima likaruka, umeila saa yao ya kula. Mimi picha naiacha.

Nimeulizwa hapa siku ipi ni nzuri. Chagueni bamvua, siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu: maji yakijaa huwasukuma ndege karibu kabisa na ukingo. Na jua liwe mgongoni, la sivyo mtaona vivuli tu.