Umejenga, au Bado Unanunua Santuri?

Wagosi, hamjambo? Wakubwa zangu wa Tanga, shikamooni. Kila nikipandisha video swali ni lile lile: "Kaka, mwaka wa tisa huo uko Hamburg, kiwanja cha Pongwe kimeota nyasi, wewe wanunua santuri?"

Kabla hamjasema najimwambafai, au nalialia: hela ni ya jasho langu, na kiwanja nitakijenga.

Kazi yangu ni kuandika programu. Miaka mitatu mizima nilitengeneza michezo ya watoto kwa Flash, programu iliyokuwa ikiendesha michezo na katuni kwenye tovuti, usiku na mchana. Tarehe 31 Desemba 2020 Flash ikasitishwa. Leo mwanangu akiniuliza baba alikuwa anatengeneza nini, kwenye simu yake haufunguki hata mmoja. Fani yetu ni waja leo waondoka leo.

Sasa tazameni santuri hii. Nyepesi, inainama kama jalada la daftari. Ilitoka ndani ya jarida la Marekani, Interface Age, la Mei 1977. Haina wimbo. Imebeba programu ya kompyuta, ambayo ndani yake ni sifuri na moja tu, iliyogeuzwa sauti: sifuri ni mlio wa hezi 1,200, yaani mawimbi 1,200 kwa sekunde, moja ni mlio wa hezi 2,400. Ukiisikiliza ni makelele matupu. Nikaiwekea sindano, nikarekodi, nikaandika vijistari vya programu kama arobaini vya kuhesabu mawimbi hayo, na herufi zikaanza kujipanga kwenye skrini. Mikono ilinitetemeka, wallahi. Kitu cha 1977, bado kinasomeka!

Ila lililoniuma ni forodha ya huku Ujerumani. Shangazi yangu wa Ngamiani alinitumia santuri sita za marehemu mumewe, za Black Star na Jamhuri Jazz, vikundi vya muziki vya kwetu Tanga. Mzigo ukazuiwa, wanataka risiti. Risiti ya kitu kilichonunuliwa kabla mimi sijazaliwa! Nikaandika barua tatu kwamba ni zawadi ya shangazi. Wakakataa, wakazikadiria wenyewe kwa bei za mtandaoni, wakanitoza kodi ya 19% na ada ya kutunza mzigo juu. Nikalipa. Ndiyo, ingenunua saruji, nishapiga hesabu hiyo kabla yenu. Lakini zilikuwa zinaozea chini ya kitanda, na nyingine sijaona nakala yake popote. Nilipomrushia shangazi sauti ya santuri ile ya kwanza kwa WhatsApp alipiga simu, akakaa kimya, nikawa nasikia taarabu tu inapiga upande wake.

Simwambii mtu anunue. Mwenye ada ya mtoto alipe ada kwanza, kila mtu na mambo yake.

Shangazi, najua waangalia. Zile zilizobaki usizitume. Zisimamishe wima kabatini, usizilundike, na zikae mbali na dirisha, jua la Tanga litazipinda. Desemba nakuja kuzichukua mwenyewe.